Kumbukumbu ya Msomaji kama Ushahidi wa Kihakiki: Riwaya Zilizopendwa Utotoni na Ujanani katika Afrika ya Mashariki

IKISIRI

Uhakiki wa riwaya za watoto na vijana kwa Kiswahili umezoea kuipima kazi kwa mafunzo yaliyomo. Makala hii inapendekeza kipimo cha pili, nacho ni kile ambacho msomaji aliyekwisha kuwa mtu mzima bado anakikumbuka kwa mapenzi. Kazi tatu zinachunguzwa: Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Mashimo ya Mfalme Sulemani iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, na Siku Njema ya Ken Walibora. Aidha, zinarejelewa kumbukumbu za usomaji zilizoandikwa na Chinua Achebe na Ngũgĩ wa Thiong'o. Inadaiwa kwamba kumbukumbu ya mapenzi huhifadhi mahali ambapo funzo la kitabu liliingia mashakani. Kwamba mapenzi hayo hayamkingi msomaji na itikadi ya kitabu. Na kwamba mfumo wa vitabu teule ndio unaoamua, kwa kiasi kikubwa, ni kitabu gani kitapata nafasi ya kukumbukwa.

1.0 UTANGULIZI

Katika jamii za Waswahili malezi na fasihi ni mambo yaliyofungamana tangu zamani. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi imekuwa kama nadharia isiyoandikwa ya fasihi ya watoto: kitabu ni mkono unaokunja, na mtoto ndiye samaki. Kutokana na msimamo huo, mhakiki anayeikabili riwaya iliyokusudiwa vijana huanza kwa kuuliza inafundisha nini. Mchapishaji huuliza hivyo hivyo, na mtunga mtihani naye pia.

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, lina upungufu mmoja mkubwa. Linamchukulia msomaji mtoto kuwa chombo kinachojazwa, na halina njia ya kueleza kwa nini vitabu viwili vyenye funzo lile lile huwa na hatima mbalimbali: kimoja husahauliwa mara baada ya mtihani, na kingine hubaki moyoni mwa msomaji kwa miaka hamsini. Iwapo funzo ndilo lililo muhimu, na mafunzo yenyewe yanafanana, tofauti hiyo inatoka wapi?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuichukua kumbukumbu ya msomaji kuwa ushahidi. Haikujengwa juu ya takwimu za hojaji. Inategemea matini zenyewe, yaani jinsi zilivyosukwa hata zikawa za kukumbukika, pamoja na kumbukumbu zilizochapishwa na waandishi wa Kiafrika waliopata kueleza hadharani walivyosoma walipokuwa vijana. Neno mapenzi linatumiwa hapa bila kuomba radhi. Uhakiki ambao hauwezi kusema lolote juu ya mapenzi ya msomaji kwa kitabu umeacha sehemu kubwa ya fasihi nje ya mlango.

2.0 SUALA LA ISTILAHI

Kabla ya kuendelea, yafaa kueleza ni riwaya zipi zinazozungumziwa. Istilahi riwaya ya watoto na riwaya ya vijana huweza kufahamika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwa nia ya mwandishi: kitabu ni cha vijana kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili yao. Kwa mfano, Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi za M. M. Mulokozi, zinazohusu mapambano ya Wahehe na Wajerumani, ziliandikwa kwa kuwalenga vijana.

Ya pili ni kwa matumizi: kitabu ni cha vijana kwa kuwa vijana ndio waliokichukua. Muhammed Said Abdulla hakuandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) kwa ajili ya watoto. Hata hivyo, Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum anayesimulia, walikuwa wandani wa wanafunzi wengi katika Afrika ya Mashariki. Siri inayofumbuliwa hatua kwa hatua haimtaki msomaji kuonyesha umri wake.

Makala hii inafuata ufafanuzi wa pili. Sababu yake ni ya kihistoria. Kwa muda mrefu katika karne ya 20, maktaba ya mtoto wa Kiswahili ilikuwa ni mkusanyiko wa vitabu vilivyokuwapo, na vichache tu kati ya hivyo viliandikwa kwa ajili yake. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliolenga hasa kuziba pengo hilo, ulianza mwaka 1991. Watoto wa kabla ya hapo walisoma walichokipata, na walichokipenda wakakifanya chao. Mhakiki anayeshikilia nia ya mwandishi peke yake atawanyima wasomaji hao historia yao.

3.0 FUNZO LINAPOINGIA MASHAKANI: ADILI NA NDUGUZE

Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, ni mfano mwafaka wa kuanzia, kwa sababu kwa kuitazama juu juu ni kitabu cha maadili kuliko vyote. Shaaban Robert (1909–1962) hakuficha lolote. Majina ya wahusika ni mafunzo yenyewe: Adili ni mwadilifu, na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Jini aliye upande wa haki anaitwa Huria. Mtoto anayejua Kiswahili anajua, tangu kurasa za mwanzo, ni nani wa kupendwa na ni nani wa kuchukiwa.

Ingekuwa funzo ndilo linalomshika msomaji, hadithi hiyo ingekuwa imekwisha kabla haijaanza. Kinachomshika ni kitu kingine. Shaaban Robert haanzi na kisa cha ndugu watatu. Anaanza na Rai, Mfalme wa Ughaibu, ambaye anampeleka kijana wake Ikibali kwenda kwa Adili, liwali wa Janibu, kudai kodi iliyochelewa. Ni Ikibali anayeona, usiku, jambo asilopaswa kuliona: liwali mwenye sifa njema anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, huku mwenyewe akiwa na majonzi. Tendo hilo linarudiwa kila usiku.

Hapa pana utaratibu wa kisanaa ambao uhakiki wa maadili hauna budi kuuangalia upya. Taharuki ya kitabu imejengwa juu ya ugomvi kati ya jina na tendo. Msomaji ameambiwa kwamba mtu huyu ni Adili. Kisha anaonyeshwa akifanya ukatili. Kwa muda wote ambao maelezo yamecheleweshwa, neno uadilifu lenyewe liko kizimbani. Mtoto anayesoma anajiuliza, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usomaji, iwapo mtu mwema aweza kufanya ubaya na akabaki mwema.

Jibu linapokuja, halifuti mashaka hayo yote. Inajulikana kwamba manyani ni Hasidi na Mwivu, ambao walimtupa ndugu yao baharini kwa kumwonea kijicho juu ya Mwelekevu, binti aliyepatikana katika mji uliogeuka mawe. Inajulikana pia kwamba Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka, ndiye aliyewageuza na kuamuru waadhibiwe kila usiku. Lakini Shaaban Robert anaongeza kipengele kimoja kinachoumiza: Adili anapojaribu kuacha kuwachapa kwa huruma, yeye mwenyewe anaadhibiwa. Huruma, ambayo kila mwalimu huisifu, hapa inaleta mapigo. Mtoto anayekisoma kisa hiki huona kwamba haki na huruma, ambazo amefundishwa kuwa ni ndugu, zinaweza kugombana.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba kisa hiki kina nasaba na hekaya ya Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wabaya hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Mabadiliko hayo si madogo kwa msomaji mtoto. Mbwa anayepigwa ni mbwa. Nyani ana mikono na uso unaokaribia wa binadamu. Kumchapa nyani ni kuchapa kitu ambacho karibu kimtazame mtu kama mtu. Taswira hiyo inabaki kwa kuwa inatisha, na inatisha kwa kuwa undugu haujafutika ndani yake.

Kutokana na uchambuzi huu yaweza kutolewa kauli ya kwanza ya makala hii. Kumbukumbu ya mapenzi haipingani na maadili. Inahifadhi mahali pale ambapo funzo lilihatarishwa. Adili na Nduguze inakumbukwa kwa usiku ule ambao msomaji hakuwa na hakika na uadilifu, na usiku huo ndio uliolifanya funzo lake lisiwe la kukariri tu.

4.0 KITABU KINACHOPENDWA NA KUMDHALILISHA MSOMAJI

4.1 Mashimo ya Mfalme Sulemani

Kauli hiyo ya kwanza ni ya faraja. Ya pili haina faraja hiyo. Mtu huweza kukipenda kwa moyo wote kitabu kisichompenda yeye.

Riwaya ya H. Rider Haggard ilichapishwa Uingereza mwaka 1885, naye mwandishi aliitabaruku kwa wavulana wakubwa na wadogo watakaoisoma. Tafsiri ya Frederick Johnson kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1929. Katika miaka hiyo na ile iliyofuata vilitoka pia kwa Kiswahili Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver na visa vya Alfu Lela Ulela. Johnson huyo huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kuisanifisha lugha. Jambo hili lina uzito katika historia ya nathari ya Kiswahili. Mkono uliosimamia Kiswahili Sanifu ndio uliowapa watoto wa shule hadithi za kusisimua katika lugha hiyo. Kwa wanafunzi wengi, ladha ya nathari sanifu na ladha ya safari ya hatari zilionjwa kwa pamoja.

Sababu za kitabu hicho kupendwa zi wazi. Kuna ramani ya kale, jangwa lisilo na maji, na milima iliyosimama kama lango. Kuna vichekesho vya Kapteni Good, ambaye meno yake ya bandia, miwani ya jicho moja na uso ulionyolewa upande mmoja vinawafanya wenyeji wamdhanie kuwa ni kiumbe kisicho cha kawaida. Zaidi ya yote kuna pango la hazina: wafalme wafu wameketi gizani, na mlango wa jiwe unashuka polepole, unampondaponda mchawi kizee Gagool na kuwafungia ndani wasafiri pamoja na almasi ambazo haziwezi kuwanunulia hata tone la maji. Utajiri usio na thamani penye kifo ni funzo, lakini hakuna mtoto aliyelipata kwa kuambiwa. Amelipata kwa kukaa gizani pamoja na wahusika.

Lakini ni wahusika gani? Hapa pana suala la usimulizi. Riwaya inasimuliwa na Quatermain, mwindaji Mwingereza, katika nafsi ya kwanza. Msomaji wa tafsiri anaposema kimoyomoyo "mimi", anasema kwa niaba ya Quatermain, na anasema kwa lugha yake mwenyewe ya Kiafrika. Mwafrika aliyesoma kitabu hicho kwa Kiingereza angalau aliikuta lugha ikimkumbusha kwamba yumo nyumbani mwa mtu mwingine. Tafsiri nzuri inauondoa ukuta huo. Kadiri Kiswahili kinavyotiririka, ndivyo msomaji anavyoingia kwa urahisi ndani ya macho yanayomtazama Mwafrika kutoka nje.

Macho hayo huona mengi kwa upotofu. Umbopa, ambaye baadaye anajulikana kuwa ni Ignosi, mfalme wa haki wa Wakukuana, anaanza safari kama mtumishi. Foulata, msichana anayependana na Good, anafia pangoni, na kifo chake kinamwondolea msimulizi taabu ya ndoa ambayo asingekuwa tayari kuiruhusu. Mtoto msomaji hulia kwa ajili ya Foulata. Ni mtu mzima anayerudi kitabuni ambaye hugundua kwamba muundo wa riwaya ulihitaji msichana huyo afe.

4.2 Ushahidi wa Achebe na Ngũgĩ

Kwamba haya si mawazo ya mhakiki peke yake kunathibitishwa na waandishi wawili waliopata kuzieleza kumbukumbu zao kwa uwazi. Chinua Achebe, aliyezaliwa mwaka 1930, ameeleza jinsi alivyosoma riwaya za Wazungu juu ya Afrika alipokuwa mwanafunzi, na jinsi alivyojikuta yuko upande wa wasafiri weupe dhidi ya wenyeji walioitwa washenzi. Hakuona wakati huo kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao wenyeji. Utambuzi huo ulikuja baadaye.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance High School mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari nchini Kenya. Miongoni mwa vitabu alivyovifurahia huko ni visa vya Biggles, rubani Mwingereza aliyebuniwa na W. E. Johns. Wakati huo kaka yake alikuwa msituni pamoja na Mau Mau, na ndege za jeshi la anga la Uingereza zilikuwa zimetumika kuyashambulia maficho ya wapiganaji katika misitu hiyo. Kijana alikuwa akimshangilia kitabuni rubani wa jeshi lile lile lililokuwa likimwinda ndugu yake. Ngũgĩ aliporejea jambo hili katika maandishi yake ya utu uzima hakuyakana mapenzi yale wala hakuyatetea. Aliyaweka kando ya habari za kaka yake, akamwachia msomaji avione viwili hivyo kwa pamoja.

Mwenendo huo una funzo kwa uhakiki. Wako wanaotaka vitabu hivyo vya kikoloni visahauliwe kwa sababu ya itikadi yake, na wako wanaotaka vikumbukwe kwa utamu wake bila kuulizwa maswali. Pande zote mbili zinamnyima msomaji haki ya kusoma mara ya pili. Kumbukumbu ya mapenzi inakuwa na thamani kamili inaporudi kitabuni na kuuliza: nilipendeshwa nini, na kwa gharama ya nani?

Si jambo la kubahatisha kwamba waandishi hawa wawili waligeuka kuwaandikia watoto. Achebe alichapisha Chike and the River mwaka 1966, naye ameeleza kwamba vitabu vya watoto alivyomnunulia binti yake mjini Lagos vilimwonyesha sumu iliyokuwamo. Ngũgĩ alianza mfululizo wake wa Njamba Nene kwa Kigĩkũyũ mwaka 1982. Waliokumbuka walikwenda kuandika, ili mtoto ajaye apate safari na msisimko bila kulazimika kusimama upande wa anayempiga.

5.0 KITABU TEULE, KITABU KILICHOKATAZWA NA KITABU HURU

5.1 Siku Njema na nafsi ya kwanza iliyorudi nyumbani

Siku Njema ya Ken Walibora ilichapishwa mwaka 1996, na ikawa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya. Mwandishi alipofariki Nairobi mnamo Aprili 2020, salamu nyingi za rambirambi zilizotolewa hadharani zilikitaja kitabu hicho, na wengi walimtaja mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, kana kwamba walimjua. Kwa hiyo huu ni mfano adimu: riwaya iliyosomwa kwa lazima, ikachambuliwa kwa ajili ya alama, na hata hivyo ikapendwa.

Kwa nini mtihani haukuiua? Sababu ya kwanza ni safari. Kijana aliyefiwa na mama anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Huo ni muundo wa kale kuliko riwaya yenyewe. Ngano za Kiafrika zimejaa watoto wanaokwenda kutafuta. Sababu ya pili ni lugha. Jina la Kongowea Mswahili linatokana na mapenzi ya kijana huyo kwa Kiswahili na ufasaha wake, na riwaya yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili cha fahari, chenye misemo ambayo wanafunzi waliipenda na kuitumia katika insha zao. Yatima asiye na mali ana kitu kimoja ambacho hakuna wa kumnyang'anya, nacho ni maneno. Kwa mwanafunzi aliyezoea kuona Kiswahili kikihesabiwa kuwa somo la daraja la pili, kukutana na shujaa ambaye nguvu yake ni Kiswahili lilikuwa tukio kubwa.

Sababu ya tatu inaunganisha riwaya hii na ile ya 1929. Siku Njema nayo inasimuliwa katika nafsi ya kwanza. Katika tafsiri ya Johnson, "mimi" ya Kiswahili ilikuwa ni sauti ya mwindaji Mwingereza iliyovikwa nguo za kienyeji. Katika riwaya ya Walibora, "mimi" ni kijana wa Tanga, mji wa mkoa ule ule aliozaliwa Shaaban Robert. Msomaji anayesafiri naye havuki mpaka wa nafsi yake ili apate msisimko. Anavuka mpaka wa nchi tu.

5.2 Marufuku na uhuru

Shule ina uwezo wa kuteua, na ina uwezo wa kukataza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya jinsi ilivyoyaeleza maisha ya msichana anayeangamia. Ni jambo la kutafakari kwamba miongoni mwa riwaya zinazotajwa katika makala hii, iliyokatazwa ndiyo yenye msichana kama mhusika mkuu. Adili, Quatermain na Kongowea wote ni wanaume, na Haggard alitangaza waziwazi kwamba anawaandikia wavulana. Kumbukumbu za wasomaji wanawake, ambao mara nyingi iliwabidi wasafiri katika nafsi ya mvulana kwanza na ya Mzungu baadaye, ni uwanja ambao bado haujalimwa vya kutosha.

Kati ya kitabu kilichoteuliwa na kilichokatazwa kuna aina ya tatu: kitabu huru, ambacho mtoto anakisoma kwa kuwa amekitaka. Visa vya Moses vya Barbara Kimenye, vilivyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, ni vya aina hiyo. Viliandikwa kwa Kiingereza, na mandhari yake ni shule ya bweni ya Mukibi, ambamo Moses na mwenzake King Kong hawaishi kuingia matatani. Moses si kielelezo cha tabia njema. Kwa kipimo cha samaki mkunje, hastahili kuwekwa mikononi mwa mtoto. Lakini wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanaomkumbuka humkumbuka kwa furaha, kwa kuwa walikutana na mtoto wa Kiafrika ambaye ruhusa yake ya kuwamo kitabuni haikutegemea kuwa mfano kwa wengine.

Achebe ameeleza kanuni moja ya shule aliyosoma, Government College, Umuahia, nchini Nigeria. Kwa nyakati maalumu za juma wanafunzi walikatazwa kushika vitabu vya masomo. Walitakiwa kusoma riwaya na vitabu vingine vya kujifurahisha. Kanuni hiyo iligeuza desturi: kilichokatazwa kilikuwa ni kitabu cha mtihani. Elechi Amadi, Christopher Okigbo na Ken Saro-Wiwa pia walipitia shule hiyo. Haifai kudai kwamba kanuni moja ilizaa waandishi, kwani shule ilikuwa na mengi mengine ambayo shule nyingi hazina. Inatosha kusema kwamba iliwapa wanafunzi wake kitu cha kukumbuka ambacho hakikutoka katika mtaala.

6.0 MAPENDEKEZO KWA UTAFITI NA UFUNDISHAJI

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanastahili kuzingatiwa.

(a) Kumbukumbu za wasomaji zikusanywe kama inavyokusanywa fasihi simulizi. Kizazi kilichosoma tafsiri za Johnson kabla ya Vita Kuu ya Pili kimekwisha kutoweka karibu chote. Waliosoma Adili na Nduguze shuleni katika miaka ya 1950 na 1960 wamo katika uzee. Mtafiti anayengoja atakuta vitabu bila wasomaji wake.

(b) Katika ufundishaji wa fasihi ya watoto vyuoni, mwanafunzi aandike kwanza anachokikumbuka juu ya riwaya aliyoipenda, bila kuifungua. Kisha aisome upya na kulinganisha. Pengo kati ya maandishi hayo mawili, yaani alichokisahau, alichokiongeza na ambacho hakukiona, ndilo liwe somo. Zoezi hili halihitaji fedha, na linamfundisha mhakiki chipukizi kwamba yeye naye ni sehemu ya ushahidi.

(c) Wanaoteua miswada na kutoa tuzo waongeze swali moja kando ya lile la maadili: ni mahali gani katika hadithi hii ambapo funzo linahatarishwa? Mswada usio na mahali hapo waweza kuwa sahihi katika kila jambo, lakini hautakumbukwa.

(d) Ratiba ya shule itenge muda wa kusoma kusikofuatwa na maswali. Bila muda huo, jumla ya riwaya za Kiswahili ambazo kizazi kinaweza kuzikumbuka itakuwa sawa na orodha ya mtihani ya miaka yao, na orodha hiyo ni fupi.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kumbukumbu si ya kuaminika: inapamba, inachanganya, na humwongopea mwenyewe. Ni kweli. Lakini fasihi simulizi yote imepita katika kumbukumbu za namna hiyo, na wataalamu hawakuikataa kwa sababu hiyo. Walijifunza kusoma yale mapambo. Msomaji anayekumbuka kwamba Adili alilia usiku kucha, hata kama kitabu hakikusema hivyo, ametoa habari muhimu juu ya kile ambacho kitabu kilimfanyia.

7.0 HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba riwaya zilizopendwa utotoni na ujanani zina mengi ya kuwaambia wahakiki, mradi kumbukumbu zake zisikilizwe kwa makini. Adili na Nduguze imeonyesha kwamba kinachobaki ni funzo lililotiwa mashakani. Mashimo ya Mfalme Sulemani, pamoja na ushahidi wa Achebe na Ngũgĩ, imeonyesha kwamba mapenzi ya kweli yanaweza kuwa na deni ambalo msomaji hulitambua akiwa mtu mzima. Siku Njema imeonyesha kwamba hata chini ya kivuli cha mtihani kitabu kinaweza kupendwa, iwapo kinampa msomaji safari iliyo yake na lugha ya kujivunia.

Methali ya samaki haina kosa, ila imemtazama mkunjaji peke yake. Samaki mbichi hukunjika na kuukubali umbo anaopewa. Mtoto anayesoma naye hukikunja kitabu: huchagua ukurasa mmoja kati ya mia, huuchukua, na kuondoka nao maishani. Kuujua ukurasa huo na sababu za kuuchagua ni kazi inayostahili nafasi katika uhakiki wa Kiswahili, nayo yafaa ifanywe maadamu wasomaji wenyewe wangalipo wa kuulizwa.